Gamba la Rangi kwenye Buibui la Mama

Mimi ni mwanamme wa miaka arubaini na sita. Nilizaliwa Michenzani, katika yale majumba marefu, ghorofa ya nne, na skuli niliishia kidato cha nne. Nayaandika haya nikiwa Makunduchi, ndani ya nyumba ya marehemu mama yangu, na mkono ninaoandikia unanitia kinyaa... Naam, mkono wangu mwenyewe! Wasomaji wenzangu, nivumilieni hadi mwisho, mtajua kwa nini.

Mimi ni mtu wa njia. Nimekaa Mombasa, nimekaa Maskati, nimebeba mizigo bandarini Durban. Mahali nikimaliza miezi mitatu nyayo huanza kuniwasha, nikafunga begi. Lakini kila nilikokuwa roho yangu ilikuwa Unguja. Nikiwa kitandani nchi za watu, nilikuwa nikimsikia mama akipiga ukelele kutoka dirishani, "We Ameir! We Sule! Pandeni juu, chai inapoa!" Na sisi chini, wawili kwa mpigo, "Naam!"

Sule alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, mama yangu akamchukua. Tulikula sinia moja, tulivaa nguo za Sikukuu za kitambaa kimoja. Nilipoanza kutangatanga, yeye ndiye aliyebaki kuwa mtoto. Mama alipohamia kwao Makunduchi kwa utu uzima, Sule alimpelekea dawa, alimpelekea samaki, alimtengenezea paa lilipovuja. Mimi nilituma salamu za simu tu. Ni nani angemshuku mtu kama huyo? Ningemshuku vipi mimi?

Sule aliendesha Noah ya watalii. Akiwachukua kwenye hoteli za Mji Mkongwe na kuwapeleka fukwe za kusini na mashariki. Gari ile niliipenda. Nakumbuka mwaka mmoja nilirudi kutoka Durban na kopo la rangi nyekundu iliyoiva, ile inayopakwa matumbo ya meli ili chaza wasigande. Madigadi ya mbele ya Noah, ile bati inayofunika gurudumu, ilikuwa inaliwa na kutu. Tukaipiga msasa pale chini ya jumba letu, tukaziba mashimo kwa puti, tukaipaka ile rangi ya meli, mama akitucheka kutoka juu, "Sasa hiyo gari au jahazi? Itaelea hiyo?" Baadaye Sule akaipeleka ikapakwa buluu gari nzima, ikawa nzuri.

Kumbukeni kopo hilo.

Mwaka niliorudi mara ya mwisho ilikuwa masika. Nilikuwa na wiki mbili tu Unguja, na tiketi ya kurudi Maskati nshaikata. Asubuhi moja nikiwa Darajani Sule akanipigia simu analia. "Ameir, njoo hospitali. Mama kagongwa." Nilikimbia na viatu mkononi, mvua inanyesha. Nilipofika alikuwa ameshakata roho. Alifia njiani, juu ya mkeka, kwenye pikapu ya shemeji yake Sule.

Kanzu ya Sule ilikuwa imelowa damu ya mama mpaka kiunoni. Akaniambia alikuwa akienda Makunduchi kumwamkia, akamkuta amelala kando ya njia peke yake, kikapu kimepinduka. Nikamuuliza gari yake iko wapi. Akasema iko kwa fundi Ng'ambo tangu jana, inapakwa nyeupe kwa ajili ya msimu, ndiyo maana kaazima pikapu. Nikamkumbatia. Nikamwambia Mungu amlipe... Nilimshukuru, wasomaji! Nilimbusu mikono!

Afisa mmoja mpelelezi, mtu mkimya mwenye daftari, aliniomba nguo za mama zibaki, na mwili uangaliwe na daktari kabla ya kuzikwa. Nilimjia juu. "Afande, mama yangu si maonyesho. Tunazika laasiri." Sule alikuwa nyuma yangu amenishika bega. Mpelelezi akafunga daftari lake, akasema pole. Laasiri ile ile tukazika Makunduchi.

Kwetu nguo za marehemu hutolewa sadaka, na waliomuosha ndio wa mwanzo kupewa. Mama alioshwa na Bi Mwajuma, mwanamke mzima ambaye ameosha maiti za kijiji kizima. Siku ya pili ya msiba aliniita uani, akakunjua buibui alilokuwa amevaa mama alipogongwa.

"Ameir, tazama hapa kwenye pindo. Kuna kitu kimenasa."

Lilikuwa gamba dogo, dogo kuliko punje ya mchele, limejikita kwenye nyuzi. Juu lilikuwa buluu. Bi Mwajuma akaligeuza buibui kwenye jua, akasema, "Na ubavuni lina mstari mwekundu. Unauona?"

Niliuona. Nikadhani ni damu.

Nikamwendea Sule. Nikamwambia kuna gamba la rangi ya buluu kwenye nguo. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Hakunywa. Akasema polepole, "Pandu wa hapa kijijini si ana pikapu ya buluu?" Nami nikaona kama kafunua pazia! Akaongeza kwamba nguo ile ichomwe, maana mambo ya maiti hayachezewi, mama apumzike. Nikarudi kwa Bi Mwajuma nikamwamrisha aichome. Alinitazama sana. "Sawa, mwanangu," akasema.

Mtauliza, je, gari ya Sule haikuwa buluu? Ilikuwa buluu! Macho yangu yalijua, moyo ukakataa. Na mimi nilikuwa na tiketi mfukoni. Nilitaka jibu la haraka, nizike hasira yangu kama nilivyozika maiti, niondoke. Hilo nalo naliungama.

Pandu alikuwa muuza barafu. Kila asubuhi akiwapelekea wavuvi vipande vya barafu kwenye pikapu yake kuukuu, aliyoipaka buluu mwenyewe kwa brashi. Taa moja ya mbele ilikuwa imevunjika. Siku ya tatu ya msiba tulimwendea, kundi zima. Watu wakicheka na kupiga kelele, "Leo barafu itayayuka!" Alitoka nje na kikoi, mtu wa makamo, anatushangaa. Akasema taa imevunjwa na mnazi wiki iliyopita, mkewe shahidi. Nani alimsikiliza?

Jiwe la mwanzo lilitoka mkononi mwangu.

Lilimpata muundi wa mguu wa kulia. Nilisikia mfupa. Sauti ile ninayo mpaka leo... Wengine wakafuata. Polisi walipofika kumwokoa alikuwa chini, na pikapu yake haikubaki na kioo.

Hata hivyo sikutosheka. Hakukiri! Nikasema basi isomwe Halbadiri, ile dua ya kumwapiza mkosa asiyejulikana, ili aliyemuua mama adhihirike. Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani alikataa. Alinambia, "Kesi iko polisi, Ameir. Dua usiifanye fimbo." Nikamwona mwoga. Sule akanitafutia msomaji mwengine mjini, akamleta mwenyewe.

Tulimpelekea Pandu habari aje akae kwenye kisomo kama ana moyo safi. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa vitambaa. Akasema, "Mshanivunja mguu, sasa mnataka na kinywa changu? Mama yako nilikuwa nkimwekea barafu kila Ijumaa, ya juisi yake ya ukwaju. Umeuliza hilo? Siji."

Nikatoka kwake nimeridhika. Kukataa kwake kwangu kulikuwa ndiyo kukiri.

Kisomo kilifanyika baada ya laasiri, barazani kwa mama. Sule alileta udi na ubani, akakiwasha chetezo kwa mkono wake. Akakaa ubavuni mwangu, goti kwa goti. Msomaji akaapiza: aliyemuua mwanamke huyu tumbo lake lijae, mwili wake uoze naye anaona, asipate raha mchana wala usiku. Na sisi, "Amin!"

Sauti ya Sule ilizishinda zote. Aliitikia mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Machozi yalimtiririka. Nilimshika mkono nikaona huyu ndiye ndugu yangu wa kweli... Yarabi, mkono ule ulivyokuwa na jasho! Hata udi siwezi tena kuunusa. Harusini wakianza kufukiza mimi hutoka nje.

Haikupita wiki, mguu wa Pandu ukavimba. Ukawa mweusi, ukatoa harufu. Kijiji kizima kikasema, "Imemkamata!" Wanawake walipita mbele ya nyumba yake wakiziba pua makusudi. Watoto wake wakaitwa watoto wa muuaji. Mkewe alipogonga mlango kwa mlango kutafuta gari ya kumpeleka hospitali, hakuna aliyefungua. Nani ambebe mtu aliyekamatwa na Halbadiri?

Wasomaji, mguu ule ulivimba kwa sababu mimi niliuvunja! Kidonda cha jiwe kiliingia uchafu, kikaoza. Mtu yeyote mwenye akili angejua. Sisi tulikiona kidonda tulichokitia wenyewe, tukasema ni hukumu ya Mwenyezi Mungu. Hospitali ilipompata mambo yalikuwa yameshaharibika. Wakaukata chini ya goti.

Siku nilipopata habari hiyo nilipanda ndege kwenda Maskati, moyo mweupe.

Nilikaa kule miezi mingi. Kisha siku moja simu ikaita, yule mpelelezi mkimya. "Bwana Ameir, unahitajika mahakamani. Si Pandu anayeshtakiwa."

Kumbe Bi Mwajuma hakuchoma kitu! Nilipomwamrisha aliondoka na lile buibui kwenye mfuko, halijafuliwa, akalipeleka polisi. Baadaye nilipomuuliza kwa nini hakunitii alinambia, "Nimeosha maiti tangu wewe hujazaliwa. Nguo ya kuchomwa naijua."

Mpelelezi alichukua gamba lile. Akakwangua rangi kwenye pikapu ya Pandu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa daftari, akazunguka kwa mafundi wa rangi akiuliza ni gari gani ya buluu iliyobadilishwa rangi masika ile. Fundi mmoja wa Ng'ambo akamwambia: Noah moja, ililetwa siku ile ile adhuhuri, mwenyewe ana haraka, hataki hata kusubiri mvua ikatike. Siku ile ile! Si jana yake! Mpelelezi akakwangua na hiyo, ndani ya ukingo wa madigadi, mahali ambapo rangi za zamani zilikuwa bado zimelala chini ya nyeupe. Vipande vyote vitatu vikapelekwa maabara Bara.

Nilikwenda mahakamani nikiwa sijui ni nani anayeshtakiwa. Nilipomwona Sule kizimbani nikacheka. Nilidhani kuna makosa.

Aliyetoa ushahidi alikuwa dada mmoja wa maabara, mwembamba, anazungumza taratibu kama anafundisha skuli. Alisema wamelitia kila gamba ndani ya gundi ngumu kama kioo, wakalikata na kulisugua mpaka ubavu wake ukawa laini, kisha wakaliweka ndani ya hadubini ya elektroni. Hadubini hiyo haitumii mwanga. Hurusha elektroni, na humkuza mdudu chawa akawa kama ng'ombe. Palipo na madini mazito hung'aa, palipo na mepesi hufifia. Tena madini yakipigwa na zile elektroni hutoa mionzi ya eksirei, kila aina kwa nguvu yake yenyewe, na kuna chombo pembeni kinachoisoma na kutaja: hapa zinki, hapa alumini, hapa chuma.

Akaonyesha picha. Lilikuwa kama chapati ya kusukuma iliyokatwa kwa kisu, matabaka juu ya matabaka.

Rangi ya Pandu ilikuwa tabaka moja tu, nene, la brashi, limekaa juu ya kutu. Hakuna la pili! Gamba la buibui la mama lilikuwa na matabaka matano. Chini kabisa rangi ya kiwandani yenye zinki. Juu yake rangi ya fedha yenye vipande vya alumini kama magamba ya dagaa. Kisha puti. Kisha tabaka jekundu. Kisha buluu. Na madigadi ya Noah ilikuwa na matano hayo hayo, kwa mpango huo huo, na la sita jeupe juu, ambalo kwenye gamba halikuwapo... kwa sababu lilipakwa mama akiwa ameshagongwa.

Wakili wa Sule akasimama. Akauliza magari mangapi duniani yamepakwa rangi mara nyingi. Yule dada hakubabaika. Akasema yeye hasemi gari hii ndiyo iliyogonga, hilo ni la mahakama. Anasema vipande viwili hivi hakuweza kuvitofautisha, na cha pikapu ni tofauti kabisa. Akaongeza kuna jambo moja lililomshangaza. Lile tabaka jekundu limejaa shaba. "Rangi ya gari haiwekwi shaba nyingi namna hii," akasema. "Sijui imetoka wapi."

Mimi nilijua.

Kopo la Durban! Rangi ya matumbo ya meli, shaba ya kuwazuia chaza! Niliipaka kwa mkono huu, mama akicheka dirishani. Ule mstari mwekundu ulioonyeshwa na Bi Mwajuma uani, nikadhani damu, ulikuwa kazi yangu mimi! Nilisimama bila kuitwa. Hakimu akanitaka nikae. Sikukaa. Nilisema, "Mheshimiwa, rangi ile nimeileta mimi." Nikaapishwa, nikaeleza yote. Sule hakuinua kichwa.

Siku ya pili yake alikiri. Alisema alikuwa akitazama simu, akasikia kishindo, akadhani mbuzi. Mbuzi! Mtu huficha gari kwa ajili ya mbuzi? Maana alikwenda mpaka kwa shemeji yake kijiji cha pili, akaiingiza Noah nyuma ya nyumba, akachukua pikapu, ndipo akarudi. Na muda wote huo mama yangu amelala kwenye mvua, mzima, anapumua.

Hakimu akamuuliza kama marehemu alisema lolote. Sule akalia. Akasema alipomwinamia alifumbua macho, akamtambua. Alimwambia, "Alhamdulillahi, Sule mwanangu, umekuja."

Nilitoka nje ya mahakama.

Amefungwa. Watu huniuliza kama nimefarijika. Nifarijike na nini? Huyo alimuua mama kwa uzembe, akauficha kwa woga, na mimi nilimvunja mtu mguu kwa makusudi, mchana kweupe, nikiona natenda haki. Udanganyifu wa Sule unanichefua. Lakini yeye hakunishika mkono kulirusha lile jiwe. Nami nimeshajibu mbele ya sheria kwa hilo, ila sheria haioteshi mguu.

Nilikwenda kwa Pandu. Alikuwa amekaa barazani anaziba sanduku la barafu, gongo lake ukutani. Nilipiga magoti. Nilisema niliyoyajua kusema. Mkewe aliniona akaingia ndani, akafunga mlango.

Pandu aliendelea na kazi yake kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Mguu nishakusamehe. Nimechoka kuubeba, haupo lakini mzito." Akashindilia kiraka kingine kwenye sanduku. "Ila ile amin, Ameir. Watu baraza nzima mlimwomba Mungu nioze, watoto wangu wakiwa nyumbani sauti zinawafika. Hiyo sijui naisamehe vipi. Nikijua ntakwambia."

Hajanambia bado.

Tiketi sikukata tena. Nyayo zinaniwasha, nakiri, na asubuhi nyengine natazama begi langu juu ya kabati. Lakini alfajiri naamka, nachukua barafu ya Pandu, naipeleka pwani kwa mkokoteni, kwani pikapu haikupona. Nikirudi yeye huniambia maneno mawili tu: "Weka hapo." Naweka, naondoka. Kila Ijumaa hubakisha kipande kimoja pembeni, hakimuuzii mtu. Sijathubutu kumuuliza ni cha nani. Huyayuka pale pale barazani, mimi nikitazama.

Ndugu zangu mnaosoma haya, nakuombeni. Mkifiwa kwa ajali, msikimbilie kufukia kila kitu laasiri ile ile. Mpelelezi akikuombeni nguo, mpeni. Msioshe, msichome. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele kinaweza kumwokoa mtu asiye na kosa, mkikipa nafasi. Na mkitaka kuomba dua, ombeni mkweli aonekane, msiombe mtu aoze hali hamjui ni nani. Halafu, mkono ukiinuka na jiwe, jiulize umeona kwa macho au umetajiwa jina na mtu aliyeshika kikombe cha kahawa asichokinywa!

Mimi sikujiuliza. Sasa nikiwa msikitini, imamu akimaliza Fatiha, huisikia kwanza amin ya Sule sikioni mwangu, kubwa, yenye machozi. Ndipo yangu hutoka, kwa taabu, wenzangu wote wakiwa wameshamaliza.